Ardhi Inayoachana kwa Milimita: Maswali ya Wasomaji kuhusu Bonde la Ufa

Barua za mwezi huu zimetoka Suswa, Kigoma, Bukoba, Usa River, Goma na Muscat. Kila mmoja ameuliza la kwake: shimo shambani, ziwa, nyumba, meno ya mtoto. Ukizisoma kwa pamoja utaona zote zinahusu kitu kimoja, yaani mabamba ya dunia, vile vipande vikubwa vya mwamba vinavyobeba mabara na bahari, na mwendo wake. Ndiyo maana tumezijibu pamoja.

Mwaka 2018 barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatwa na ufa mkubwa baada ya mvua, na watu wakasema Afrika inagawanyika. Shamba langu liko karibu na Suswa na kila masika naona mashimo mapya. Nihame?
*Mkulima, Suswa, Kenya*

Afrika inagawanyika kweli, ndugu yetu, ila ufa ule wa Machi 2018 haukuchimbwa na mgawanyiko huo. Tupige hesabu. Bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya bara, na bamba la Somalia, lililobeba upande wetu wa mashariki, yanaachana kwa milimita 6 hadi 7 hivi kwa mwaka kule Ethiopia, na mwendo huo hupungua kadiri unavyoteremka kusini. Kwa eneo lako tuchukue milimita 5. Ufa wenye upana wa mita 15 ungehitaji miaka 3,000 ya mwendo huo, tena mwendo wote uwe umekusanyika kwenye mstari mmoja. Hilo halitokei, kwa sababu mwendo hugawanywa kwenye nyufa nyingi sana ndani ya bonde lenye upana wa makumi ya kilomita.

Kilichofungua shimo ni maji. Sakafu ya bonde kati ya Longonot na Suswa imefunikwa na majivu ya volkano, udongo mwepesi unaosimama wima kama ukuta ukiwa mkavu na kumumunyuka kama sukari ukilowa. Chini ya majivu hayo kuna nyufa za zamani katika mwamba. Mvua kubwa ikinyesha, maji hufuata ufa huo, yakachukua majivu chembe kwa chembe na kuacha handaki chini kwa chini, huku juu nyasi zinaendelea kumea. Siku dari la handaki linapoanguka, watu huamka na kukuta "ufa mpya" ambao kumbe ulikuwa ukichimbwa kwa miaka. Bonde la Ufa lina mkono wake hapo, maana ndilo lililopasua mwamba na kumwaga majivu. Shimo lenyewe ni la mvua.

Kwa hiyo usihame kwa hofu ya bara kupasuka, ila uichukulie hatari ya handaki kwa uzito wote. Tafuta mashimo madogo ya duara yaliyojipanga kwenye mstari mmoja. Mstari huo ndio handaki, na nyumba, choo au tanki la maji visikae juu yake. Piga vigingi viwili vya chuma pande mbili za ufa, mita moja kutoka ukingoni, kisha pima umbali kati yake kwa utepe mara moja kwa mwezi na uandike. Ukiona umbali unaongezeka wakati wa mvua tu na kutulia kiangazi, adui yako ni maji. Chimba mtaro upande wa juu wa shamba uyapeleke mbali. Kosa kubwa ni kujaza ufa udongo na kwenda zako: maji yasipogeuzwa njia, mvua ya kwanza hulibeba lile jazo lote na kutoboa pembeni yake.

Kama ungependa kujua bara linavyopasuka hasa, mfano ni Dabbahu katika jimbo la Afar, Ethiopia. Septemba 2005 ardhi ilifunguka kwenye mstari wa kilomita 60 hivi, mahali pengine kwa mita 8, ndani ya wiki chache tu. Mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka chini na kujikita kwenye ufa kama kabari kwenye gogo. Mvutano uliolimbikizwa kwa karne kadhaa uliachiwa kwa mkupuo mmoja. Ndivyo mabamba yanavyofanya kazi: milimita huhesabiwa kila mwaka, lakini miamba hushikana na kukataa kusogea hadi inapozidiwa.

Shikamooni. Niko kidato cha tatu. Tumefundishwa kwamba mabamba yanaelea juu ya uji wa moto. Je, ni kweli? Na kwa nini Ziwa Tanganyika lina kina kirefu hivyo na Ziwa Viktoria ni kama bakuli la chini?
*Mwanafunzi, Kigoma*

Marahaba, mwanetu. Huo "uji wa moto" ni picha iliyozoeleka, lakini inapotosha. Chini ya mabamba, yenye unene wa kilomita 100 hivi, kuna mwamba mgumu ambao umepata joto la kutosha kuweza kusogea polepole mno. Fikiria lami ya barabarani. Ukiigonga kwa nyundo ni ngumu, lakini malori yakisimama juu yake siku za jua kali, baada ya miezi unaona mifereji ya magurudumu. Ule mwamba wa chini ni mgumu kwa tetemeko linalopita kwa sekunde, na ni laini kwa mzigo unaokaa miaka milioni. Mwamba ulioyeyuka hasa, unaotoka kama lava, ni sehemu ndogo tu, na hupatikana pale mgandamizo unapopungua au joto linapozidi. Chini ya bonde letu yote mawili yapo: mwamba wa moto unapanda kutoka vilindini na kuinua nyanda za juu za Ethiopia na Kenya, na nyanda hizo zilizoinuliwa hujivuta pembeni kwa uzito wake zenyewe.

Sasa maziwa. Bonde la Ufa lilipofika kwenu liligawanyika matawi mawili, kwa sababu lilikutana na kipande cha bara kikongwe na kigumu. Miamba yake ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, ndiyo hiyo inayochimbwa dhahabu Geita. Kipande hicho ni kinene na baridi, hakipasuki kirahisi, kwa hiyo nyufa zilipita kandokando. Tawi la mashariki lilishuka kupitia Turkana, Naivasha, Magadi, Natron na Manyara. La magharibi lilizunguka kupitia ziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa na Nyasa.

Ziwa Tanganyika liko ndani ya ufa wenyewe. Upande mmoja wa bonde mwamba umekatika kwa ufa mkubwa na kuteremka, huku upande wa pili ukiinama tu, kama meza iliyovunjika miguu ya upande mmoja. Ukisafiri kwa meli ya ziwani utaona mahali pengine mlima unasimama wima toka majini, na ng'ambo ya pili nchi inapanda taratibu. Ukienda mbele zaidi pande hizo hubadilishana, kwa sababu ziwa limeundwa na vipande kadhaa vilivyoungana mwisho kwa mwisho. Kina chake ni mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Uso wa maji uko mita 770 hivi juu ya bahari, kwa hiyo sakafu yake iko kama mita 700 chini ya usawa wa bahari. Juu ya sakafu halisi ya mwamba kuna kilomita kadhaa za tope lililojazwa na mito kwa mamilioni ya miaka. Ziwa bado lina kina kwa sababu ardhi inazama haraka kuliko mito inavyoweza kujaza.

Viktoria halimo ndani ya ufa. Limekaa juu ya kile kipande kigumu, kati ya matawi mawili, mahali palipobonyea kidogo wakati kingo za mabonde zilipoinuka. Kina chake hakizidi mita 80 na ushee. Zamani mito kama Kagera na Katonga ilivuka hapo ikielekea magharibi. Ukingo wa tawi la magharibi ulipoinuka, maji yakakosa njia, yakarudi nyuma na kutuama. Chukua ramani ya Uganda uangalie Ziwa Kyoga: mikono yake mingi imetawanyika kama matawi ya mti. Hilo ni bonde la mto lililofurika. Na Katonga mpaka leo una kinamasi katikati, upande mmoja maji yanakwenda Viktoria na upande wa pili yanakwenda magharibi. Mwalimu wako akikuuliza ushahidi kwamba ardhi imeinama, mtajie Katonga.

Mimi ni fundi ujenzi. Tetemeko la 2016 liliangusha nyumba nyingi za tofali huku kwetu, na nyingine jirani zake zikasimama. Sisi hatuko ndani ya Bonde la Ufa, mbona lilitufikia? Na nijengeje nyumba ya kawaida isiyoua watu?
*Fundi, Bukoba, Tanzania*

Fundi, swali lako ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi, na tunalijibu kwa kirefu kwa sababu watu hawauawi na mtikisiko, wanauawa na kuta.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na lilianzia kilomita 40 hivi chini ya ardhi. Bukoba iko ukingoni mwa kile kipande kikongwe tulichomweleza mwanafunzi wa Kigoma. Mabamba yanapovutana, mvutano hauishii kwenye kingo za bonde. Mwamba mgumu huubeba hadi mbali, na kwa kuwa ni baridi, unaweza kukatika hata kwenye kina ambacho kwingine mwamba ungekuwa laini mno kukatika. Tena mwamba wa namna hiyo hupitisha mtikisiko mbali bila kuupunguza sana.

Angalia nyumba zilizobaki na nyufa, zitakufundisha. Ufa wenye umbo la X kati ya madirisha mawili unaonyesha ukuta ulisukumwa kwa urefu wake na haukuwa na kitu cha kuuzuia. Ufa wa wima kwenye pembe maana yake kuta mbili hazikufumwa pamoja, kila moja ikaenda zake. Ufa wa ngazi unaofuata viungo vya tofali ni udongo dhaifu katikati ya tofali. Na ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kileleni mwa paa ndio huanguka wa kwanza, kwa kuwa umesimama peke yake bila kushikwa.

Dawa ya nyumba ya chini ni kuzifunga kuta kwa nguzo na mikanda ya zege, ziwe kama mzigo uliofungwa kamba pande zote. Utaratibu ni huu. Jenga ukuta kwanza, ukiacha tofali za mwisho kwenye pembe zimechomoza na kurudi kama meno. Kisha simamisha nondo, funga mbao za boksi na mwaga zege la nguzo liingie kwenye yale meno. Ukimwaga nguzo kwanza halafu ukaja kujaza ukuta baadaye, unabaki na mwanya usioshika kitu. Weka nguzo kila pembe, kila makutano ya kuta, na isipite mita 4 bila nguzo. Kila nguzo iwe na nondo 4 za milimita 12, zikifungwa kwa ringi za milimita 6 au 8 kila sentimita 20; lakini sentimita 60 za juu na za chini ringi zikaribiane, kila sentimita 10, maana hapo ndipo nguzo huvunjika. Ncha za ringi zikunjwe ziingie ndani ya zege. Ringi iliyokunjwa pembe mraba tu hufunguka siku ya tetemeko.

Mkanda wa juu ya lenta uzunguke nyumba nzima bila kukatika. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: nondo za mkanda huishia pembeni, zikakutana na za ukuta mwingine kwa kugusana tu. Zikunje zizunguke pembe na kupandana na wenzake kwa sentimita 60. Zege liwe 1:2:4, ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na maji kidogo kadiri linavyoweza kushindiliwa. Udongo wa kujengea uwe saruji 1 kwa mchanga 4, wala usijengee tope tupu. Tofali za kuchoma uziloweshe kabla ya kuzipanga, la sivyo zitanyonya maji ya saruji kabla haijashika, na utakuwa umejenga kwa vumbi. Mwagilia kuta na zege siku 7.

Madirisha na milango yakae angalau sentimita 60 kutoka kwenye pembe, na jumla ya upana wake isizidi nusu ya urefu wa ukuta. Kenchi zifungwe kwenye mkanda kwa vyuma vilivyotangulizwa ndani ya zege. Bati ni bora kuliko vigae vizito. Ile pembetatu ya paa, ama uifunge kwa mkanda wake wenye mteremko, ama uiache na kuziba kwa mbao au bati. Sisi tungechagua ya pili, ni nafuu na haiui mtu. Nyumba yenye ghorofa au iliyokaa kwenye mteremko isijengwe kwa maelezo ya gazeti, mwite mhandisi. Mwite pia kwa nyumba ya zamani yenye nyufa zinazopita milimita 5.

Watoto wangu wote wawili meno yao yana rangi ya kahawia, ingawa wanapiga mswaki. Wanasema ni maji yetu ya mlima. Nikiyachemsha hayatoshi?
*Mama, Usa River, Tanzania*

Mama, mswaki hauna kosa na watoto wako hawana uchafu. Ni floraidi, na usichemshe kwa ajili hiyo: kuchemsha huua vijidudu, lakini maji yanapopungua kwa mvuke floraidi yote hubaki sufuriani, ikawa nzito zaidi kuliko mwanzo.

Inatoka kwenye mlima. Volkano za tawi la mashariki, Meru ikiwemo, zilitapika lava yenye sodiamu nyingi na kalsiamu haba. Kwingineko kalsiamu ndiyo huishika floraidi na kuituliza kwenye mwamba. Hapa haipo ya kutosha, basi floraidi huyeyuka na kutoka na chemchemi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya mteremko wa Meru vinakipita kwa mbali. Maji ya aina hiyo huonekana safi kabisa kwa macho na hayana harufu, kwa hiyo pima. Peleka sampuli ya nusu lita, kwenye chupa safi ya plastiki, kwenye maabara ya maji ya mkoa, na upime kila chanzo unachotumia, kwani visima viwili vya mtaa mmoja huweza kutofautiana sana.

Meno ya kudumu hutengenezwa ndani ya ufizi mpaka mtoto anapofika miaka 8 hivi. Huo ndio umri wa kulinda zaidi. Baada ya hapo rangi haiongezeki, ingawa mifupa bado huweza kuumia kwa miaka mingi ya maji makali. Kwa hiyo maji salama yaende kwanza kwenye kunywa, uji na kupikia. Kufulia na kuoga endelea na ya bomba. Maji ya mvua hayana floraidi. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 10 ikinyesha, hukupa kama lita 400 baada ya kutoa zinazopotea. Familia ya watu 5 ikitumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupikia, kiangazi cha siku 90 kinahitaji lita 2,250. Mvua ya kwanza iache ioshe bati kabla ya kuielekeza kwenye tanki.

Kuna pia vichujio vya mkaa wa mifupa, vinavyokaa kwenye ndoo. Vinafanya kazi vizuri, ila mifupa ikichomwa moto mdogo maji hunuka, na ikichomwa moto mkali ikawa nyeupe, inapoteza uwezo wa kushika floraidi. Nunua kilichotengenezwa na wataalamu, na uulize kinabadilishwa baada ya lita ngapi, kwa sababu kikichoka maji huendelea kupita yakiwa masafi machoni bila kuchujwa.

Na hili wengi hawalijui: magadi ya kulainishia maharage na makande yanatoka kwenye maziwa ya bonde hilohilo, na yanaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko maji yenyewe. Loweka maharage usiku kucha, magadi utayahitaji kidogo au usiyahitaji kabisa.

Huku kwetu mazuku yameua mbuzi tena, na mwaka jana mtoto wa jirani. Yanatoka wapi, na tuyatambue namna gani?
*Baba wa familia, Goma, Kongo*

Pole sana, baba, kwenu na kwa jirani. Mazuku ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka chini ya ardhi kupitia nyufa zilezile ambazo lava ya Nyiragongo ilipitia. Januari 2002 na Mei 2021 mlima ule haukumwagika kutoka kileleni. Ubavu wake ulipasuka kwenye mistari inayofuata mwelekeo wa Bonde la Ufa, na lava ikashuka kuelekea mjini. Katikati ya milipuko, nyufa hizo huendelea kupumua gesi.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu, basi hutuama kwenye mabonde madogo, mashimo ya msingi, vyoo vilivyochimbwa na sakafu za nyumba zilizojengwa bondeni. Haina rangi. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo, hujaa zaidi. Jua na upepo vikija hutawanyika. Ndiyo maana mbuzi hufa na ng'ombe aliyesimama karibu naye hubaki mzima: kichwa cha ng'ombe kiko juu ya gesi. Mtoto ana kimo cha mbuzi.

Ishara ni wadudu, mijusi na ndege waliokufa mahali pamoja. Watu wengi hupima kwa taa au kibiriti. Moto ukizimika, toka mara moja. Lakini moto ukiwaka usiseme ni salama, kwa sababu gesi huanza kumdhuru mtu kabla haijafika kiwango cha kuzima moto. Ikifika asilimia 10 ya hewa, mtu huzimia kwa dakika chache. Ukimwona mtu ameanguka bondeni, usiiname kumwinua. Hivyo ndivyo wanavyokufa wawili na watatu pamoja. Mwokoaji afungwe kamba kiunoni, mwingine amshike kutoka juu, azuie pumzi, amburute haraka bila kuinama muda mrefu.

Nyumbani, lala kitandani na si chini, weka matundu ya hewa usawa wa sakafu upande wa mteremko ili gesi itiririke nje, na zuieni watoto kucheza mashimoni asubuhi na mapema. Bonde lililojulikana lijazwe mawe ya volkano na kifusi hadi lilingane na ardhi ya pembeni, lisiwe na mahali pa kutuamisha.

Nimezaliwa Wete na sasa naishi Muscat. Nahodha mmoja aliniambia kina cha mkondo wa Pemba hakina mwisho, lakini cha Unguja ni kifupi. Kwa nini? Na hii milima ya Oman, nyeusi na isiyoota kitu, ni volkano?
*Msomaji, Muscat, Oman*

Nahodha hakukosea sana. Kati ya Pemba na bara kuna kina cha mita 800 hivi, kwa sababu ardhi ilikatika na kuzama hapo, Pemba ikabaki kama kizingiti kirefu. Unguja imekaa kwenye sakafu moja na bara, maji yake ni mita makumi tu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ya dunia ilipokuwa nyingi, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 na mtu angetembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Unguja. Pemba asingefika.

Milima yenu huko ni jambo jingine kabisa. Kwetu mabamba yanaachana, kwenu yamegongana. Bahari ya Shamu inafunguka, bamba la Arabia linasukumwa kaskazini, linajikunja kwenye milima ya Iran na kuzamisha bahari chini ya Makran, pwani ya Iran na Pakistan, ambako tetemeko la 28 Novemba 1945 lilizaa tsunami. Zamani za mbali, miaka milioni 95 hivi iliyopita, sakafu ya bahari ilisukumwa ikapanda juu ya ukingo wa Arabia badala ya kuzama chini yake. Kwa hiyo ile miamba myeusi na ya kahawia nyuma ya Muscat ni sakafu ya bahari pamoja na mwamba wa chini yake, ule tuliousema kwamba husogea kama lami. Ni mahali pachache sana duniani unapoweza kuukanyaga. Haioti kitu vizuri kwa sababu ina magnesiamu na nikeli nyingi, na chakula cha mmea haba. Shaba iliyouzwa kutoka Sohar tangu kale ilitokana na chemchemi za moto za sakafu hiyohiyo.

Siku ya mapumziko, panda gari hadi Wadi al Jizzi, magharibi ya Sohar, utafute ukuta wa mwamba uliopangika kama mito ya kulalia iliyorundikwa. Ni lava iliyotoka chini ya maji. Kila donge lilipogusa bahari liligandishwa nje huku ndani bado laini, likajaa na kuviringika. Tazama moja kwa karibu: ukingo wake ni mweusi na laini kama kioo kwa sababu ulipoa ghafla, na ndani chembe ni kubwa zaidi. Upande mmoja wa donge ni wa mviringo na upande wa pili una ncha iliyochongoka, iliyojipenyeza kati ya madonge mawili yaliyotangulia. Ncha hiyo ndiyo iliyokuwa chini siku lava ilipotoka, kwa hiyo itakuonyesha bahari ilikuwa upande gani.